Kula Bukubwa na Kujifanya Mukubwa: Jinsi Kiswahili cha Kolwezi Kinavyopima Maonyesho Yaliyozidi

Kiingereza kina kielezi kimoja, "histrionically", ambacho huwasumbua wafasiri kuliko urefu wake unavyostahili. Kamusi hueleza kwamba ni kutenda kwa namna ya mwigizaji, yaani kuzidisha sauti, ishara na machozi ili kuvuta macho ya watu. Mwanafunzi akitakiwa kukifasiri kwa Kiswahili, aghalabu huandika "kwa kuigiza", na mwalimu humpa alama zake. Tafsiri hiyo ina kasoro kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kasoro yenyewe haionekani ndani ya kamusi. Huonekana pale neno linaporudishwa katika historia ya watu waliowahi kuhukumiwa kwalo, na miongoni mwa watu hao wamo wafanyakazi wa miji ya shaba: Lubumbashi, Likasi, na Kolwezi pamoja na makambi yake ya Ruwe na Musonoi, hadi Kingamyambo yalikorundikwa mabaki ya mawe yaliyosagwa.

Yafaa kuanza na asili ya neno. Mwanahistoria Livius asimulia kwamba mwaka 364 kabla ya Kristo mji wa Roma ulishikwa na tauni, na katika kutafuta namna ya kuituliza miungu, Warumi waliwaleta wachezaji kutoka nchi ya Etruria. Kwa lugha ya huko mchezaji aliitwa "ister". Warumi wakalifanya neno hilo "histrio". Wachezaji hao walipendwa na kudharauliwa kwa pamoja. Sheria ya Kirumi iliwahesabu miongoni mwa watu wasio na heshima, ikawanyima baadhi ya haki za raia. Kiingereza kilipolipokea neno hilo katika karne ya 17, kilipokea na dharau yake. Kwa hiyo asemapo Mwingereza kwamba fulani analia au anasema kwa namna hiyo, hamlinganishi na mtu mwongo tu, bali na watu wa kazi fulani, na kazi hiyo ndiyo tusi lenyewe. Kifaransa, ambacho wasomi wengi wa Kongo wamekizoea zaidi, nacho hufanya vivyo hivyo kinapomwambia mtu kwamba ni mchezaji wa komedi, au kwamba anafanya sinema. Kuna na mchanganyo mwingine unaostahili kutajwa, kwa kuwa hata watu wenye elimu huuangukia: neno hilo halina uhusiano wa asili na "hysteria", ambalo latoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya tumbo la uzazi. Hata hivyo, mwaka 1980, wataalamu wa maradhi ya akili wa Marekani walipotoa toleo la 3 la mwongozo wao, waliliweka neno la wachezaji mahali palipokuwa na neno la tumbo la uzazi, na tangu hapo maneno hayo mawili hudhaniwa kuwa ndugu.

Kiswahili hakikurithi dharau hiyo. Ushahidi mzuri umo katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, inaposimulia juu ya watu watoao sadaka huku wakipigiwa tarumbeta. Neno la Kiyunani lililotumika hapo lilikuwa jina la mchezaji wa jukwaani. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliandika "wanafiki", neno la Kiarabu ambalo halina habari na jukwaa lolote. Linahusu nia ya mtu, yaani kilichomo moyoni kuachana na kilichomo usoni. Hawakukosea. Walichagua neno ambalo Waswahili walilitumia tayari kuhukumu jambo lile lile. Kitenzi "kuigiza", kwa upande wake, ni "kuiga" kilichoongezewa kiambishi cha kusababisha, na mtu aitwaye mwigizaji haoni aibu. Kumwambia mtu kwamba ameongea "kwa kuigiza" kwaweza hata kumfurahisha.

Basi Kiswahili huhukumu vipi maonyesho yaliyozidi? Njia ya kwanza ni ile inayojulikana sana katika Kiswahili cha pwani, ya kutumia "kwa" pamoja na jina: kwa mbwembwe, kwa madaha, kwa mikogo, kwa maringo, kwa madoido. Maneno haya ni mengi na ni matamu, lakini hukumu yake haijatulia. Mbwembwe za kiongozi wa ngoma ni sifa yake, na madaha ya bibi arusi ndiyo yanayotazamwa siku ya arusi. Maneno hayo hayo yakipelekwa msibani au barazani huwa lawama. Jina halibadiliki; kinachobadilika ni mahali na haki ya mtu ya kujionyesha mahali hapo. Njia ya pili ni ile ya kiambishi ki-: kifalme, kitoto, kizungu. Hii nayo hulinganisha tu. Mtu aweza kutembea kifalme akiwa mfalme kweli.

Njia ya tatu ndiyo yenye uzito, na ndiyo iliyoenea zaidi katika Kiswahili cha Shaba, au cha Katanga kama kinavyoitwa tena tangu 1997. Ni kitenzi chenye -ji-, kiambishi kinachomrudishia mtenda kitendo chake: kujifanya, kujitia, kujidai, kujiona, kujishaua, kujiliza. Ni kweli kwamba -ji- peke yake si lawama. Kujifunza na kujitolea ni mambo mema. Lawama huzaliwa pale ambapo mtu hujipa mwenyewe kitu ambacho kwa desturi hupewa na wengine. Machozi huletwa na msiba. Anayejiliza ameyaleta mwenyewe. Ukubwa huletwa na watu. Anayejifanya mkubwa amejiletea. Mtu wa Kolwezi husema "anajifanyaka mukubwa", na ile -ak- inayoonyesha mazoea huikaza lawama: si leo tu, ndiyo desturi yake. Kwa maneno mengine, pale ambapo Mwingereza huuliza kama mtu amefanana na mchezaji, msemaji wa Kiswahili huuliza: nani amempa?

Katika nchi ya Lualaba swali hilo lilikuwa na jibu la zamani. Kwa Waluba, mtu anayetawazwa husemwa kwamba "amekula" ufalme. "Kudya bulopwe" ndiyo namna ya Kiluba ya kutaja kutawazwa, na Kiswahili cha mjini kilichukua mfano huo huo. Kwa Walunda wa Musumba, Mwant Yav hawi Mwant Yav mpaka avikwe lukano, ile bangili ya enzi. Mtu havai lukano kwa kujipendea. Yaani ukubwa ni chakula kinacholetwa na wengine, au ni kitu kinachofungwa mkononi na wengine. Palipo na fikra hiyo, kujifanya mukubwa si ujinga wa tabia tu. Ni kula kisichopakuliwa.

Kisha ikaja migodi. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika Bunkeya kwa Msiri pamoja na misafara ya pwani katika karne ya 19, lakini ni Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliyowakusanya watu wa lugha nyingi na kuwaweka katika makambi. Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, na Kolwezi ukawa mji mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika miji hiyo walikutana Walunda, Wasanga, Waluba, Wachokwe, Wabemba na wengine, kila mmoja akiwa mbali na wazee wenye mamlaka ya kumpakulia ukubwa. Mzungu ndiye aliyegawa vyeo, navyo vilikuwa vichache na vidogo: kapita, karani, boi wa nyumbani. Wale maboi waliozeeka waliacha ushuhuda wa thamani, ile historia ya mji wa Elisabethville iliyotungwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya chama chao, kwa Kiswahili cha mjini kisichojali sarufi ya shule. Ni mojawapo ya maandishi machache ambamo wafanyakazi wa Katanga huisimulia historia ya ukoloni wenyewe bila kuulizwa na mtu.

Hapo ndipo ngoma ya Beni inapoingia. Ilizaliwa katika pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, na jina lake latokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta. Vijana walivaa sare, wakapiga gwaride, wakashindana upande kwa upande kwa nguo, kwa karamu na kwa gharama. Katika Tanganyika pande hizo ziliitwa Marini na Arinoti. Viongozi walijipa vyeo vya wafalme, vya majemadari, na wakati wa Wadachi hata cha Kaisari. Vita vya 1914 hadi 1918 viliitawanya ngoma hiyo. Askari na wapagazi waliipeleka bara. Jeshi la Kongo ya Kibelgiji lenyewe liliingia Tabora mwezi Septemba 1916. Katika eneo la shaba ilipata jina la Mbeni, na katika miaka ya 1920 vyama vya namna hiyo vilikuwa vimekwisha kuota Elisabethville, navyo vikiwa na vyeo vya Kizungu. Kwa hiyo ngoma iliyozaliwa na Waswahili wa pwani ilifika Katanga kwa njia iliyo tofauti na ile ya misafara ya Msiri, na hilo ni jambo ambalo historia za Kiswahili cha Kongo hulipa nafasi ndogo mno.

Maofisa wa Kizungu walibishana kwa miaka mingi kama Mbeni ilikuwa hatari au mchezo tu. Ubishi huo wastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja: kwamba wachezaji walikuwa wakiiga. Aliyeona ni mchezo tu aliwacheka kama watoto waliovaa kofia ya baba. Aliyeona hatari alishuku kwamba nyuma ya maigizo kuna njama. Mnamo Mei 1935 wafanyakazi wa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini waligoma, Mufulira, Nkana, kisha Roan Antelope huko Luanshya, na watu sita waliuawa kwa risasi huko Luanshya. Tume ya uchunguzi ilisikiliza ushahidi juu ya Mbeni, kwa kuwa chama kilichojua kukusanya watu kwa ngoma kilijua pia kuwakusanya kwa mgomo. Siku hiyo vile vyeo vya mchezo havikuonekana tena kuwa vya kuchekesha.

Sasa, kwa kipimo cha Kiswahili, je, wale wachezaji walikuwa "wakijifanya"? Jibu si jepesi. Kwa upande mmoja, ndiyo: hakuna mzee aliyewavika lukano wala serikali iliyowapa barua. Kwa upande mwingine, mfalme wa Mbeni hakujipa cheo peke yake. Alipewa na wenzake, watu waliotoa michango yao, waliokula karamu pamoja, waliozikana. Alikuwa amepakuliwa, ijapokuwa sahani ilikuwa mpya. Hapa ndipo mwandishi wa Kiingereza aliyetumia kielezi chake cha dharau alipoona kitu kimoja tu, yaani uso wa mchezaji, asione watu waliomzunguka. Mfasiri akiandika "kwa kuigiza", anairudia kasoro ile ile kwa Kiswahili, na anaifanya ionekane kama ushahidi wa Waafrika wenyewe.

Kosa hilo halikwisha na watawala. Mwaka 1951, huko Luanshya, J. Clyde Mitchell alichunguza ngoma ya Kalela iliyochezwa na vijana wa Kibisa, na kitabu chake kilitoka mwaka 1956. Aeleza jinsi wachezaji walivyovaa suruali za kijivu zilizopigwa pasi vizuri na viatu vilivyong'aa. "Daktari" akiwa na joho jeupe lenye msalaba mwekundu. Na mwanamke aliyevaa kama muuguzi akipita kati yao na kioo na leso ili kila mtu ajitazame na kujipangusa jasho. Mitchell aliona humo hamu ya kuufikia utukufu wa Kizungu. Bernard Magubane alimpinga vikali mwaka 1971: kusema hivyo, alidai, ni kuwavua wafanyakazi akili yao na kuficha mamlaka yaliyowabana. Ubishi wa wanazuoni hao ulifanyika kwa Kiingereza, na labda ndiyo sababu haukufika mahali. Lugha yenyewe iliwalazimisha kuchagua kati ya kuiga kwa kutamani na kuiga kwa kudhihaki. Swali la nani alimpa "daktari" wa Kalela joho lake halikuulizwa kwa namna ambayo mtu wa kambini angeliuliza.

Wakati wa Zaire ulileta jambo ambalo -ji- haiwezi kulieleza kabisa. Katika miaka ya 1970 chama cha MPR kilieneza "animasio" ya kisiasa: nyimbo na michezo ya kumsifu Mobutu, iliyofanywa na vikundi vya makampuni, vya shule na vya ofisi. Safari ya rais katika Uchina na Korea ya Kaskazini mwaka 1974 iliongeza kasi yake. Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu serikali ilipoitaifisha mwaka 1967, ilikuwa mwajiri mkubwa wa Kolwezi, na mfanyakazi hakuwa na uhuru wa kuyapa mambo hayo mgongo. Maonyesho yalizidi kuliko ya Mbeni: sare zilizopigwa picha ya rais, viuno, vigelegele, sauti moja kutoka vinywa elfu. Mgeni aliyetazama angeweza kukitumia kile kielezi cha Kiingereza bila kusita. Lakini mtu wa Kolwezi hangeweza kusema kwamba wale akina mama na wafanyakazi "wanajifanya". Kitenzi kinachofaa ni "kuchezesha", na hali yao ni ya "kuchezeshwa". Kiambishi kimetoka mbele ya mzizi kikaenda nyuma yake, na lawama imehama kutoka kwa mchezaji kwenda kwa yule aliyemwamuru kucheza. Hata vita vya Mei 1978, vilivyoimwagia Kolwezi damu, havikukomesha kuchezeshwa huko.

Lugha hiyo hiyo iliyopima haya yote ilikuwa na jukwaa lake. Katika Lubumbashi kundi la Mufwankolo, lililoongozwa na mtu ambaye watu walimwita kwa jina hilo la mchezo, lilijulikana kwa maonyesho yake kwa Kiswahili cha Shaba katika redio na televisheni. Halikuwa na maandishi ya kukariri. Waigizaji waliafikiana juu ya kisa na mpangilio wake, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe. Mwaka 1986 Johannes Fabian, ambaye aliwahi kufundisha katika mji huo, aliwauliza juu ya msemo aliousikia kwa Kifaransa, kwamba ukubwa huliwa mzima mzima. Kundi likaligeuza swali lake kuwa mchezo, likaufanyia mazoezi, na mwishowe likauonyesha katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za televisheni. Kitabu cha Fabian, kilichotoka mwaka 1990, kimehifadhi maneno ya waigizaji kwa Kiswahili chao pamoja na tafsiri yake. Kwa wanafunzi wa isimu hiyo ni hazina kuliko uchambuzi wowote uliomo humo, na yasikitisha kwamba wengi huusoma upande wa Kiingereza tu.

Ile mada haikuwa ya bahati. Katika nchi ambayo mtu mmoja alikuwa akiula ukubwa mzima, na wengine wote wakichezeshwa, watu wa Mufwankolo walisimama kijijini wakagawana vyeo: huyu sultani, hawa wazee wake, hao raia. Hawakuwa wamekula vyeo hivyo, wala hawakuwa wakijifanya, kwa sababu watu wote wa Kawama walijua ni kina nani na walikuwa wamekuja kuwatazama. Sauti ilipandishwa, mikono ilirushwa, kicheko kilitafutwa. Ndiyo kazi yao. Kielezi cha Kiingereza kingewafaa hapo kwa maana yake ya kwanza kabisa, ile ya Etruria, kabla Roma haijaitia aibu. Kwa Kiswahili cha mji wao walisema tu kwamba wanacheza teatre.